Kompyuta Haijui Kiingereza

Mwanafunzi anayeanza kujifunza usanifu wa tovuti katika chuo cha amali hufundishwa kwanza kuandika kiunzi cha ukurasa. Katika mistari ya mwanzo ya kiunzi hicho pana mahali pa kutaja lugha ya maandishi yatakayofuata. Aghalabu mahali hapo pamekwisha kujazwa kabla mwanafunzi hajagusa kitu, kwani vihariri vingi vya kuandikia kurasa huweka vyenyewe herufi mbili, "en", yaani Kiingereza. Mwanafunzi hunakili, mwalimu hupita na kuweka alama ya vyema, na kijana wa Makunduchi au wa Wete huendelea kuandika kwa Kiswahili safi habari za karafuu, za mwani, au za nyumba ya wageni ya mjomba wake. Ukurasa ukikamilika, mstari wake wa juu unatangaza kwamba yote yaliyomo ni Kiingereza.

Uongo huo una madhara. Programu inayomsomea kipofu maandishi yaliyomo kwenye kioo cha kompyuta hutazama herufi zile mbili ili ijue itamke vipi. Ikiambiwa kwamba maandishi ni ya Kiingereza, huyasoma maneno ya Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, na msikilizaji haambulii kitu. Herufi zilizotakiwa zipo, na zimesajiliwa kimataifa kwa ajili ya lugha hii: "sw". Haziandikwi kwa sababu hakuna aliyemweleza mwanafunzi, kwa maneno anayoyaelewa, mahali pale pana kazi gani. Amefundishwa kunakili, na alichokinakili hajui kukisoma.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Vyuo vyetu vya kati, vile vinavyopokea vijana ambao hawakwenda chuo kikuu lakini wanataka fani ya kuwaweka mjini, vimeamua kwamba uandishi wa programu ni elimu isiyofundishika kwa Kiswahili. Uamuzi huo haukuletwa na ushahidi wowote. Umeletwa na woga, ukazoeleka, na sasa unaitwa kanuni.

Mitaala ya astashahada na stashahada za teknolojia ya habari imeandikwa kwa Kiingereza, na mitihani yake ni ya Kiingereza. Darasani, hata hivyo, mambo ni mengine. Mwalimu husoma ubaoni sentensi ya Kiingereza, akatazama nyuso zilizo mbele yake, akaona hazikushika. Hushusha sauti, akaeleza kwa Kiswahili. Papo hapo darasa huamka, mikono ikanyooka, maswali yakaja. Kisha mwalimu hurudi kwenye Kiingereza kama mtu aliyefumaniwa. Jambo hili si siri. Kwa skuli za sekondari limeandikwa miaka mingi na wataalamu kama Casmir Rubagumya, katika kitabu alichokihariri mwaka 1990, na baadaye na watafiti wa mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002, akiwemo Martha Qorro. Kwa hivyo Kiswahili kinafundisha tayari. Kosa ni kwamba kinaingizwa kwa mlango wa uani: hakiandikiwi kitabu, hakikubaliwi istilahi, na siku ya mtihani kinafukuzwa. Mwanafunzi huelewa kwa lugha moja na kupimwa kwa nyingine, kisha huambiwa kwamba hana akili ya kompyuta.

Watetezi wa hali hii wana hoja tatu, na inafaa zitazamwe moja moja.

Hoja ya kwanza ni kwamba lugha za programu zenyewe ni Kiingereza. Anayesema hivyo amechungulia kwa mbali. Lugha ya C, ambayo mifumo mingi ya kompyuta duniani imejengwa juu yake, ilipowekewa viwango vyake mwaka 1989 ilikuwa na maneno maalumu 32. Python ya sasa ina 35. HTML, Tim Berners-Lee alipoieleza kwa mara ya kwanza hadharani mwaka 1991, ilikuwa na alama 18 tu. Hicho ndicho Kiingereza kinachodaiwa kuwa kizuizi: maneno machache kuliko majina ya samaki anayoyajua mtoto wa mvuvi wa Nungwi. Mwanafunzi huyajifunza kama alama za barabarani, kwa wiki moja. Kinachobaki baada ya hapo, miezi na miaka, ni fikra: kipi kitangulie, sharti gani litimie, kazi irudiwe mara ngapi, na itakuwaje ikiwa mtu atajaza jina mahali pa namba. Fikra hizo hazina lugha ya kuzaliwa, ila mtu anayezifikiri anayo.

Wala mashine haijui Kiingereza. Kilichomo ndani yake ni umeme uliopo au usiokuwepo, na maneno yote ya mwandishi hufasiriwa kuwa namba kabla hayajatendewa kazi. Aliyeonyesha jambo hili mapema kabisa ni Grace Hopper, mwanahisabati wa Kimarekani na mmoja wa waasisi wa programu zinazofasiri maandishi ya mtu kuwa namba za mashine. Katika miaka ya 1950, akiwa na kampuni iliyokuwa ikiunda kompyuta za UNIVAC kule Philadelphia, alitaka amri ziandikwe kwa maneno ya kawaida. Ili wakubwa wake waone kwamba mashine haibagui, yeye na wenzake walitayarisha mfano mmoja kwa Kiingereza, wakaurudia kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Mwaka 1978, katika mkutano wa historia ya lugha za programu, alisimulia yaliyotokea. Wakubwa walishtuka: vipi kompyuta ya heshima, iliyoundwa Marekani, ielewe Kifaransa au Kijerumani? Ikabidi wahakikishiwe kwamba haitaandikiwa kwa lugha yoyote isipokuwa Kiingereza. Hivyo Kiingereza kilikaa kwenye programu kwa sababu mameneja wa Philadelphia waliogopa. Wakuu wa vyuo vya visiwani na bara wanaorudia woga ule leo wameurithi bila ya kujua umetoka kwa nani.

Wengine hawakuurithi. Yukihiro Matsumoto alitoa lugha ya Ruby huko Japani mwaka 1995, na kwa miaka ya mwanzo maelezo yake na mijadala yake ilikuwa ya Kijapani. Dunia ya Kiingereza iliizingatia baadaye. Lugha ya Lua ilizaliwa mwaka 1993 katika chuo kikuu kimoja cha Rio de Janeiro, na jina lake ni neno la Kireno lenye maana ya mwezi. Zote mbili zina maneno maalumu ya Kiingereza, na zote mbili zilitungwa na watu waliofikiri, wakabishana na wakasomeshana kwa lugha za kwao. Hakuna aliyewaambia Wajapani wangoje hadi kila mtoto wa Matsue awe Mwingereza.

Na kama ni mfano wa karibu unaotakiwa, Unguja inao. Mwanagenzi wa taarabu hujifunza kanuni na udi, akajifunza maqamu yenye majina ya Kiarabu na ya Kiajemi: rasti, bayati, hijazi, sika. Majina hayo hayakubadilishwa, na hakuna aliyedai kwamba kwa sababu hiyo Kiswahili hakiwezi kufundishia muziki. Mwalimu husema "hapa ni bayati," kisha hueleza kwa Kiswahili kidole kiende wapi na sauti ipande lini. Ndivyo ilivyo chuoni pia. Mtoto husoma Kurani kwa Kiarabu chake, na maana hupewa kwa Kiswahili. Na Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy alipochapisha tafsiri yake kamili mwaka 1969, wasomaji wengi waliifurahia kwa kuwa kitabu kitukufu kuliko vyote kimeelezwa kwa lugha ya nyumbani. Lugha iliyobeba tafsiri ya Kurani iambiwe leo kwamba haiwezi kubeba maelezo ya kitanzi na sharti?

Hoja ya pili ni kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii ilitumiwa kwa sheria pia, miaka mingi, hadi mwaka 2021 Tanzania ilipobadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mahakimu hawakukosa maneno. Istilahi hazioti kama uyoga. Huzaliwa pale kazi inapofanywa kwa lugha. Fundi wa gari hakungoja kamati ndipo aseme klachi, gia, spana na bisibisi: baadhi alichukua kwa wageni, baadhi alitunga, na gari linatengenezeka. Kompyuta nazo zimekwisha kupata kivinjari, tovuti, seva, faili na nywila. Panapohitajika zaidi, mwalimu mwenye busara huwaambia wanafunzi: hiki ni kisanduku chenye jina, kinahifadhi thamani, na thamani hiyo yaweza kubadilika, kiite kigeu. Baada ya hapo jina la Kiingereza la kitu kile halimtishi mtu, kwa kuwa kitu chenyewe ameshakishika mkononi.

Hata neno linalotajwa kama roho ya fani yote, algorithimu, si mali ya Waingereza. Ni jina la Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9, lililopinda katika vinywa vya Walatini waliotafsiri kitabu chake cha hesabu katika karne ya 12. Watu wa Ulaya waliipokea elimu ile kwa kuitafsiri. Hawakuwalazimisha wauza nguo wa Pisa na Venice kujua Kiarabu kwanza ndipo waruhusiwe kujumlisha.

Ni kweli kwamba juhudi zilikuwepo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiwa na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizosema Kiswahili tangu menyu hadi maonyo. Microsoft nayo ilifuata kwa menyu za Kiswahili katika miaka ile ile. Kazi hizo zilikuwa za heshima. Lakini itazamwe zilimpa Mswahili nafasi gani: nafasi ya mtumiaji. Aliruhusiwa kubonyeza kwa Kiswahili. Kutengeneza kulibaki kwa Kiingereza. Mpaka huu ndio ambao vyuo vinaulinda hadi leo, na athari yake ni kubwa kuliko ya istilahi, kwa sababu unamfundisha kijana kwamba lugha yake ni ya mteja na haiwezi kuwa ya fundi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: ajira. Miongozo ya programu ni ya Kiingereza, wateja wa ng'ambo ni wa Kiingereza, na mtu asiyekijua atabaki nyuma. Hili ni kweli, na hakuna anayelikataa. Lakini linathibitisha kwamba Kiingereza kifundishwe, kwa saa za kutosha, na walimu wanaokijua. Halithibitishi kwamba mwalimu wa programu ageuzwe mwalimu wa lugha asiyekuwa na mafunzo ya kazi hiyo. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilipeleka Kiingereza kwenye hisabati na sayansi tangu darasa la tano. Bara, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliahidi Kiswahili katika ngazi zote, na ahadi ikaishia kwenye karatasi. Kutokana na hali hiyo, kijana anayefika chuoni ameshasomeshwa miaka kwa Kiingereza, na bado hawezi kusoma kwa wepesi ukurasa mmoja wa mwongozo. Njia iliyomfikisha hapo haiwezi kuwa ndiyo itakayomtoa. Kinyume chake, aliyeelewa jambo kwa Kiswahili akikutana nalo kwenye mwongozo wa Kiingereza hulitambua kama anayemwona jamaa yake ugenini. Aliyekariri neno bila ya jambo hana wa kumtambua.

Siku hizi pana jibu jipya: mashine zenyewe zinaandika programu mtu akizieleza anachotaka, hata kwa Kiswahili. Basi kuna haja gani ya kujifunza? Haja imezidi. Mashine huandika upesi na hukosea upesi, na hukosea kwa maandishi yanayovutia. Anayehitajika ni mtu wa kulisoma lililoandikwa na kusema: hapa si sawa. Kazi hiyo haifanyiki kwa kukariri.

Inafaa pia kutaja kinachopotea, maana hasara si ya mwanafunzi peke yake. Mazoezi yanayotolewa vyuoni ni yale yaliyomo kwenye vitabu vya wageni: kubadilisha Fahrenheit kuwa selsiasi, au kuhesabu kodi ya duka la New York. Darasa la Kiswahili lingekuwa na mazoezi yasiyopatikana katika kitabu chochote cha kigeni, na magumu zaidi.

Chukua saa. Saa moja asubuhi ni 7:00, saa saba mchana ni 13:00, saa moja usiku ni 19:00. Mwanafunzi huona upesi kwamba ajumlishe sita, kisha ajumlishe zaidi ikiwa ni usiku. Halafu hufika saa sita usiku, na hesabu humpa 24, saa ambayo kioo cha kompyuta huiandika 0. Baada ya hapo aulizwe: mtu akisema "usiku wa kuamkia Jumapili," programu iandike tarehe ipi? Kijana aliyelitatua hilo amejifunza masharti, mizunguko ya namba na hatari za mipaka, na amejifunza kwa kitu ambacho bibi yake anakijua kuliko mwalimu.

Au chukua mizani. Aandike programu ya kuhesabu mizani za mshororo. Kwa kuwa silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu, huanza kwa kuhesabu irabu, na karibu kila kitu hukaa sawa: "nyumba" mbili, "kaa" mbili, "karafuu" nne. Kisha huja "mtu" na "nchi," zenye irabu moja na mizani mbili. Huongeza kanuni kwamba "m" au "n" iliyosimama peke yake ihesabiwe. Kisha huja "mbuzi," ambayo "m" yake haikusimama peke yake. Mwisho hukutana na "mtu mbaya" na "nyumba mbaya." Neno ni moja kwa maandishi; katika la kwanza lina mizani tatu, katika la pili lina mizani mbili. Hapo mwanafunzi hutambua kwamba kutazama herufi hakutoshi, lazima programu ijue ngeli ya neno lililotangulia. Na akifika kwenye "labda," ambapo "b" imekaa bila ya irabu, itambidi aamue na aitetee hukumu yake mbele ya washairi. Katika alasiri moja ameonja elimu ambayo vyuo vikuu vya dunia huiita uchakataji wa lugha, na pengine ameujua utungaji wa kwao kuliko alivyoujua alipoingia darasani.

Hata kosa dogo lina somo. Atakayeandika ng'ombe ndani ya alama moja za kunukuu ataona programu imekatika katikati ya neno, kwani mashine imedhani kibainishi cha ng' ndiyo alama ya kufungia. Mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili atalitarajia kosa hilo siku ya kwanza. Kitabu cha Kiingereza hakina ng'ombe.

Kinachodaiwa si kikubwa. Maneno maalumu ya programu yaachwe yalivyo. Maelezo yawe ya Kiswahili, wazi, bila ya kujificha. Karatasi ya mtihani iandikwe kwa lugha zote mbili, na mtahiniwa ajibu kwa aitakayo. Mabaraza ya Kiswahili ya bara na visiwani yakae na walimu wa fani, yachapishe kitabu kimoja cha mwanzo, chembamba, cha bei ambayo mwanafunzi ataimudu. Kiingereza kiwe somo, kifundishwe kwa ukamilifu. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa bara mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden, viliasisiwa juu ya imani kwamba mtu mzima hujifunza fani kwa lugha ya maisha yake. Waswidi, waliotoa mfano huo, husoma kompyuta kwa Kiswidi na Kiingereza wanakijua. Imani ile haikushindwa katika kompyuta. Haikujaribiwa.

Atakayebisha na abishe, lakini kwanza aende kwenye darasa lolote la tovuti lililo karibu naye, aufungue ukurasa wa mwanafunzi mmoja, na atazame mstari wa juu. Akikuta "en" juu ya maandishi ya Kiswahili, asimwulize mwanafunzi kwa nini amekosea. Amwulize mwalimu aliyakagua maandishi hayo kwa lugha gani.